Mlolongo wa Langoni

Ni Agneta mwenyewe aliyetaka kura ya mlolongo. Katika kiwanda kile cha mbegu hapo Kitale hakuna aliyeamini tena kura za sanduku. Wangila, katibu wa chama cha wafanyakazi kutoka tawi la Bungoma, alikuwa bingwa wa kuzigeuza. "Mlolongo hauibiwi," Agneta aliwaambia wenzake. "Kila mtu asimame mahali anapotaka, tuonane macho kwa macho."

Siku tisa walikuwa wamegoma kwa sababu ya vumbi la dawa ya mbegu lililokuwa likiwala vifua. Agneta, mwakilishi wao, ndiye aliyewatoa nje. Na chama hakikuwa bure, tusikisingizie: Viola alipofutwa akiwa mjamzito, ni chama hicho hicho, na miguu ya Agneta, vilivyomrudisha kazini. Lakini safari hii Wangila aliketi na meneja huko Bungoma bila Agneta, akaja na karatasi.

"Barakoa mmepata, nyote," alisema langoni. "Ila kampuni inataka Agneta aende. Wenye kukubali, nyuma yangu. Wenye kukataa, nyuma yake. Si mlitaka mlolongo, bana?"

Ndipo Agneta alipoinua macho akamwona meneja Kiarie dirishani, kalamu mkononi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sanduku lingewaficha watu hawa. Yeye ndiye aliyewaanika.

Walikwenda kwa Wangila mmoja mmoja, wakitazama viatu vyao. Viola alipita karibu, mtoto mgongoni. "Nisamehe, dada. Sina kwingine."

Nyuma ya Agneta alibaki Makokha peke yake, mzee wa kufagia ghala, akikohoa.

"Mzee, enda upande ule."

"Ati niende? Na wewe je?"

"Barakoa unaihitaji kuliko wote. Enda, baba. Wanaandika majina."

Alikwenda akiburuta miguu. Wangila akatangaza kwamba hakuna aliyepinga. Agneta mwenyewe hakuwamo: mwenye kesi hahesabiwi, alisema.

Jumatatu Agneta alitoka kwake mtaani Tuwan kwenda kurudisha ovaroli. Zamu ya asubuhi ilikuwa ikiingia, kila mmoja na barakoa mpya, nyeupe, imempanda hadi chini ya macho. Alisimama langoni akiwatafuta watu wake. Hawakumsalimu, naye hakumtambua hata mmoja, ila Makokha, kwa kikohozi.