Gamba Ndani ya Swichi

"Fungua hiyo swichi, Hilda, tuone alichofanya!"

Bonifasi, mwenye kibanda cha gemu hapa Iringo, alikuwa amemkaba Magesa shati. Kitufe cha kupiga ngumi kilikuwa kimegoma katikati ya pambano, na Magesa, mvuvi wa Makoko, ndiye aliyetoka kukitumia.

"Msiniegemee!" nilifoka. Mimi ndiye fundi wa mashine zake, na nikishika bisibisi sitaki mtu mgongoni.

Nilizima mashine, nikafungua skrubu nne, nikakitoa kitufe. Chini yake, juu ya swichi, lilikuwa limenasa gamba la samaki, limekauka kama ukucha.

"Si nilisema!" Bonifasi alipaza sauti. "Huyu anakujaga hapa na mikono ya samaki!"

Vijana wakasogea. Mmoja alishavua mkanda.

Magesa alilitazama lile gamba, halafu akanitazama mimi.

"Dada, mimi navuaga dagaa tu. Gamba kubwa hivyo la dagaa umeliona wapi?"

Hakuna aliyemsikiliza. Mkanda ulikuwa umeshainuliwa. Gamba lile lilikuwa la sato, na sato huyo nilimjua.

"Mwachie, Boni."

"Nimwachie mharibifu?"

"Mwachie, nimesema! Mashine hii naifungua mimi peke yangu. Jumamosi ulinipigia simu nije mbio kubadili swichi hii hii. Simu yako ilinikuta jikoni naparua sato. Sikunawa."

Mkono wake ukalegea shatini. Mkanda haukushuka. Macho yote yakahamia kwenye vidole vyangu.