Uso Usiojiandaa

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kabiria na Riruta, kwa wafanyabiashara wa Dagoretti Corner, na hata kwa mabwana wa Muthangari wanaoishi nyuma ya kuta zenye nyaya za umeme, kwamba kampuni ya Jicho la Tai, bingwa wa picha za harusi katika magharibi yote ya jiji, imefungua milango yake rasmi.

Milango haikuwepo. Kampuni ilikuwa Ryan, kijana wa miaka kumi na minane, aliyemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni ambako anakumbukwa hadi leo kwa kuivisha sanamu ya mwanzilishi aproni ya mpishi. Tangazo alilibandika kwenye kundi la WhatsApp la familia, na jibu la kwanza lilitoka kwa shangazi yake.

"Tai gani? Si ni wewe ulikata vichwa vyetu vyote Krismasi?"

Lakini kazi ilikuwa imeshapatikana. Kaka yake mkubwa, Were, fundi wa friji, mtu mpole asiyependa makuu, alikuwa anakwenda Kabiria Jumamosi na jamaa zake wote kupeleka mahari kwa kina Wangeci. Wakikuyu huiita siku hiyo ruracio. Were hakumwomba mtu mwingine apige picha, kwa sababu alimwamini mdogo wake. Hilo lilikuwa kosa lake la pekee katika habari hii yote.

Kamera iliazimwa kwa Krish, waliyelala naye bweni moja miaka minne, na ambaye babake ana duka la kamera mjini katikati. Krish aliiweka juu ya kaunta kama daktari anayemkabidhi mama mtoto mchanga.

"Sikiza, msee. Kitu ya kwanza, toa kifuniko."

"Nimetoa."

"Hicho ni cha betri."

Ryan akakirudisha kwa heshima.

"Ya pili. Bwana harusi akiwa na miwani, mwambie atoe. Flashi ikipiga kioo macho yanapotea, unabaki na picha ya taa za lori."

"Were bila miwani haoni kitu."

"Kwani anaenda kuoa ama kuendesha hilo lori?" Krish akainama mbele na kushusha sauti, ingawa dukani hakukuwa na mteja. "Na ya mwisho ndiyo kubwa. Usikimbize tabasamu. Tabasamu hata mtoto anapiga. Ngoja uso ambao haujajiandaa. Mmoja tu. Huo ndio watu wanaweka ukutani. Ukiupata, hakuna mtu atakuita mwanafunzi tena."

Ryan alitoka pale kama mtu aliyepewa daraja la upadri. Mawaidha mengine yote, ya kuhifadhi chaji na kusimama jua likiwa mgongoni, yalimtoka kabla hajafika barabarani. Lile la uso usiojiandaa lilikaa.

Jumamosi, lango la kina Wangeci lilikuwa limefungwa, kama desturi inavyotaka, na wageni walikuwa nje wakiimba ili wafunguliwe. Mashangazi wa upande wa Were, waliotoka Kakamega na Bungoma miaka mingi iliyopita lakini hawakuziacha sauti zao huko, waliimba hadi kuku wa jirani wakahama. Wenyeji wakajibu kutoka ndani kwamba hawasikii vizuri. Ryan alipiga picha ya lango, ya viatu vya mjomba, na kwa bahati mbaya ya kidole chake. Kisha akamwendea bwana harusi.

"Toa miwani."

"Sitoi. Sitaona."

"Were, hizi picha wajukuu wako wataziangalia. Unataka wakuone ama waone taa za lori?"

Were akaivua taratibu, akampa, na Ryan akaitia mfukoni. Bila miwani Were alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini ndani ya nyumba isiyo yake.

"Sasa wewe, ngoja," akasema, akimvuta Ryan kando na kukosa mkono wake mara ya kwanza. "Baadaye wataleta wanawake wamefunikwa leso kutoka kichwa hadi miguu. Ni mimi nichague Wangeci ni nani. Nitachagua aje na sioni hata lango?"

"Mimi unaniona?"

"Naona shati."

"Shati linakusikiliza."

"Wewe utaingia huko chumbani wakijifunika. Utamjua. Nikipita mbele yao, mpige flashi yeye. Mara moja tu. Nitafuata mwanga."

"Were! Huko ni kuiba mtihani."

"Naiba. Niibie." Hakuwa anacheka. "Ryan, ule mzee wao hanipendi. Nikikosa leo, sijui itakuwaje."

Mzee mwenyewe aliitwa Mbugua, ndugu mkubwa wa marehemu babake Wangeci, na ndiye aliyeshika kipaza sauti lango lilipofunguliwa na watu wakaketi hemani. Alikuwa na koti zito na sauti nyepesi, na hakupoteza neno.

"Wageni wetu, karibuni. Mmekuja kwa heshima na tumeiona. Lakini mimi niliachiwa huyu msichana. Mwanamume asiyemjua mke wake chini ya leso hatamjua wakati wa shida. Basi leo, bwana harusi akimtambua, tutawapa tarehe ya kanisa. Akimkosa, mtakula, mtashiba, mtarudi nyumbani. Tarehe tutaongea mwaka mwingine."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Were hakucheka. Ryan alicheka, kwa kuwa alikuwa amesikiliza wazee wa aina hiyo kila Jumatatu asubuhi kwa miaka minne. Mwalimu mkuu wake alitishia kufukuza kidato kizima kila muhula, na kila muhula kidato kizima kilikunywa uji kama kawaida. Hotuba ni hotuba.

Mpiga picha ana baraka moja ambayo hata padri hana: anaingia chumba cha wanawake na hakuna anayeuliza. Ryan aliwakuta wakicheka na kusukumana, leso zikifungwa vichwani, warefu wakifundishwa kukunja magoti na wafupi wakipanda visigino vya kuazima. Shosho wa Wangeci, nyanya yake, alikuwa miongoni mwao, amesisitiza kufunikwa naye.

"Hata mimi niliwahi kuwa bibi harusi," akawaambia. "Nifunike vizuri. Huyu kijana asione mvi."

Wangeci alimwita Ryan pembeni, uso wake bado wazi.

"Shemeji, usimwambie kitu, umesikia? Nataka anijue mwenyewe. Nitakohoa tu, mara mbili. Mwaka ule niliugua kifua, alikaa na mimi mwezi mzima akinichemshia tangawizi. Kikohozi changu anakijua kuliko jina langu." Akaivuta leso mabegani. "Baba mkubwa anasema Were ananichukua tu kwa sababu hana mwingine. Nataka aone."

"Mimi ni kaburi," Ryan akasema, mkono kifuani.

Kwa hiyo kaburi likatoka nje likiwa na siri mbili, kila moja ikitosha peke yake kumwoza Were. Kazi yake ilikuwa kunyamaza na kubonyeza mahali pamoja. Mbuzi angeweza kuifanya.

Wanawake walitoka mmoja mmoja, wakajipanga mbele ya hema, vilima vya maua na methali vilivyojaa kicheko. Wangeci alikuwa wa tatu. Shosho alikuwa wa mwisho, amesimama wima ajabu. Vigelegele vikapanda, vikashuka, na Were akasukumwa mbele.

Ryan alimtazama kupitia tundu la kamera. Alimwona akipita wa kwanza, akipita wa pili, mikono yake mbele kidogo kama mtu anayetembea stima ikiwa imepotea. Kisha kikohozi kikasikika chini ya leso, mara mbili, kikavu na kidogo. Kichwa cha Were kikageuka papo hapo. Midomo yake ikafunguka. Akapiga hatua kumwelekea wa tatu, akasimama, akageuza macho yake yasiyoona kuutafuta mwanga aliouagiza.

Hapo ndipo mawaidha ya Krish yalipomjia Ryan. Hakupanga, kama ambavyo hakupanga aproni. Vitu vya namna hii humjia vikiwa vimekamilika. Aliuona uso wa Were utakavyokuwa leso ikifunuka na mvi zikatokea. Aliiona picha ukutani. Alihesabu gharama: kicheko kikubwa, faini ya kreti za soda, jaribio la pili, nyama. Akaigeuza kamera hadi mwisho wa safu na kummulika shosho usoni.

Were akauacha ule upande wa kikohozi. Akatembea moja kwa moja, kwa uhakika wa mtu aliyeonyeshwa njia na ndugu yake, akaweka mkono begani na kuifunua leso.

Picha ilikuwa nzuri kupita kiasi. Shosho amekunja uso, bado anapepesa macho kwa ule mwanga. Were amefungua kinywa, nyusi juu, furaha haijaondoka usoni na hofu imeshaingia, vyote viwili pamoja, jambo ambalo uso unaweza kulifanya mara moja tu maishani.

Hema lote likacheka. Ryan alipiga tatu zaidi. Halafu kicheko kikaanza kukatika kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu wa tatu katika safu alikuwa ameivua leso yake mwenyewe.

"Nilikohoa," Wangeci akasema.

Were aligeukia sauti. "Wangeci—"

"Nilikohoa mara mbili, Were."

Hakupiga kelele. Aliikunja leso, akaiweka juu ya kiti, akaingia ndani ya nyumba, na wote wakasikia kitasa cha chumba kikifungwa.

Mzee Mbugua hakuhitaji kipaza sauti. "Chakula kipo," akasema. "Karibuni mle."

Ryan alingoja jaribio la pili. Halikutangazwa. Wazee wa upande wao waliinuka kwenda kuomba, wakarudi na kuketi kwa namna ya watu ambao hawatainuka tena. Mashangazi wenye sauti za Bungoma walitazama sahani zao. Were alibaki amesimama pale pale. Ryan alimwendea na kumrudishia miwani, na Were akaivaa na kuona kila kitu.

"Ni wewe ulikosea?" akauliza polepole. "Ama ni mimi sikuona vizuri?"

Ryan alikuwa na majibu mengi shuleni. "Kulikuwa na watu wengi," akasema.

Were akatikisa kichwa kukubali. Aliamini hata hilo. Na hakumtaja mtu yeyote. Alikwenda kwa Mzee Mbugua akasema kosa ni lake, macho yake ni mabovu, na angekuwa hivyo hivyo siku yoyote. Mzee akamjibu kwamba wasiwasi wake ulikuwa huo huo.

Ryan akaenda nyuma ya tangi la maji kuitazama picha. Ilikuwa bado nzuri. Aliikuza, akaipunguza, akaizima kamera.

"Kijana wa kamera. Kuja hapa."

Shosho alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha plastiki, leso yake mabegani sasa. Ryan akaja, akaweka uso wa maombi ya jioni.

"Pole sana, shosho. Bahati mbaya."

"Mbona ulinimulika?"

"Nani? Flashi? Ilijiwasha yenyewe, shosho. Hizi kamera za kuazima—"

"Ilijiwasha, ikapita hawa wasichana wote, ikakuja kuniangalia mimi?"

"Ni... mambo ya betri."

"Nilikuwa nimefumba macho ndani ya leso, nikaona nyekundu. Halafu mkono begani. Taa, mkono." Alipiga goti lake mara mbili. "Mimi nimezeeka, sijakuwa mjinga. Huyo ndugu yako alikuwa anafuata taa. Alikutuma umulike mimi?"

Ryan alitazama viatu vyake. Ilikuwa hatua ya kwanza katika kila kesi yake, na kwa kawaida hatua ya pili ilikuwa kumtaja mwenzake.

"Hapana, shosho. Alinituma nimulike Wangeci."

"Na ulijua ni nani?"

"Nilijua."

Shosho aliifunga leso kiunoni. Aliinuka, akaushika mkanda wa kamera uliokuwa shingoni mwa Ryan, akamvuta kama anavyovutwa ndama, kupita hema, kupita Mzee Mbugua aliyesimamisha kijiko hewani, hadi ndani, hadi kwenye mlango uliofungwa. Mashangazi wa Wangeci walikuwa wamejaa kwenye ukumbi mdogo, na nyuma yao Were akaja kusimama.

"Ongea," shosho akasema.

"Shemeji," Ryan akaanza, akiuambia ubao wa mlango. "Ni mimi Ryan."

Akaugonga mlango kwa kidole kimoja.

"Nilimtoa miwani. Akaniomba nikumulike wewe, kwa sababu hakuwa anaona. Nikammulika shosho. Makusudi. Nilitaka picha."

"Picha ya nini?" Sauti ilitoka karibu sana, alikuwa amesimama nyuma tu ya mlango.

"Ya uso wake."

Kitu kikasonga ndani. Hakuna aliyekuwa anamlazimisha Ryan kuendelea. Shosho alikuwa ameshauachia mkanda.

"Na kikohozi alikisikia. Nilikuwa namwangalia kwenye kamera. Ulipokohoa tu aligeuka, akapiga hatua kuja kwako. Alikuwa amekujua, Wangeci. Halafu akanitafuta mimi nihakikishe, na mimi nikampeleka kwingine. Hakukukosa. Nilimkosesha."

Nyuma yake Were alivuta pumzi.

"Sikusikia vizuri," Wangeci akasema ndani. "Na baba mkubwa yuko hemani, hajasikia kabisa. Rudia kwa sauti."

Ryan akamgeukia shosho kutafuta huruma, asiipate. Akanyoosha mgongo, mikono kando ya suruali, kama aliyeitwa mbele ya gwaride, na akaanza upya kwa sauti iliyofika langoni: "Ni mimi Ryan. Nilimtoa miwani."