Gorogoro Arobaini

Beldina alikuwa na ugonjwa mmoja: akiulizwa swali, hawezi kulilaza. Wenzake wa rika lake pale Nyamasaria simu zao zilijaa picha za harusi. Yake ilijaa maswali ya watu ambao wengi wao hajawahi kuwaona kwa macho. Yalitoka kwenye kundi la waandishi wa programu wa Kisumu na kandokando ya ziwa, watu kama sitini waliopenda Haskell, lugha ya kompyuta ambayo mafundi wengine huiona ni ya kujitesa bure. Huyu anauliza kwa nini orodha yake inatoka kinyumenyume. Yule anauliza namna ya kusoma tarehe. Beldina aliwajibu wote, kabla ya chai, baada ya chai, na kusema kweli hata kanisani wakati wa matangazo.

Tena alikuwa na maktaba yake. Si ya vitabu. Watu wa kazi hiyo huita maktaba kile kifurushi cha programu ambacho mmoja amekwisha kukiandika ili wengine waazime wasihangaike upya. Yake iliitwa Pima, na shughuli yake ilikuwa vipimo: kilo, lita, debe, na gorogoro, ule mkebe wa kupimia sokoni. Ndani yake mlikuwa na kitu alichojivunia kuliko vyote, nacho ni sheria ya mafungu. Sheria ilisema hivi: ukijumlisha vipimo, ni mamoja umevigawa kwa mafungu gani. Gorogoro ishirini kwa mkupuo mmoja, au gorogoro moja moja mara ishirini, jibu ni lile lile. Wapenzi wa Haskell hawaamini kitu mpaka kiwe na sheria, na sheria hawaiamini mpaka ijaribiwe. Beldina alikuwa ameiachia kompyuta ibuni mifano elfu moja ya kuivunja sheria yake, ikashindwa yote elfu. Aliringa. Hata mimi ningeringa.

Jumatatu moja likaja swali kutoka kwa Wepukhulu, mwalimu wa fizikia huko Kisian, mtu mzima aliyejifunza lugha hii kwa ukaidi tu. Wepukhulu alikuwa ametengenezea kikundi cha akina mama wa Dunga programu ya simu. Akina mama hao hununua omena, wale dagaa wa ziwani, huzianika kwenye neti, huzitia kwenye magunia, kisha huziuza. Wakijaza gunia huhesabu gorogoro arobaini, kwa mkebe ule ule watakaopimia wateja. Wakati wa kuuza, mtunza ghala hubonyeza kwenye simu ni gorogoro ngapi zimetoka, na Pima hujumlisha.

"Shida ni hii," aliandika mwalimu. "Gunia limeingia na arobaini. Linaisha, simu inasema zimetoka thelathini na sita. Je, Pima inapoteza desimali mahali?"

Beldina aliipekua Pima mstari kwa mstari. Hapakuwa na desimali iliyopotea. Akafurahi, na furaha ikampanda kichwani, akaandika: "Mwalimu, Pima haina kosa, sheria zake zimejaribiwa mara elfu. Kama gunia linapungua, mtafuteni anayelipunguza." Akamalizia na kile kikatuni cha uso unaocheka. Watu kumi na mmoja walimpigia dole gumba.

Ulimi hauna mfupa, na vidole vya kuandikia navyo ndivyo vilivyo.

Ijumaa yake Wepukhulu akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza mambo ya desimali.

"Sista, nilisomea wale mama jibu lako kwa mkutano ya Jumatano," alisema. "Sasa wamechukua ufunguo kwa Mama Maximilla."

"Maximilla ni nani?"

"Ni yeye anaweka ghala, miaka tisa. Ni mjane. Mwenyekiti, Mama Perez, ndiye anauza sasa. Alhamisi ijayo wanakaa kumtoa kabisa kwa kikundi. Wewe ulisema watafute mwenye anapunguza, na mwenye anapima ni mmoja tu."

Beldina alitaka kusema ulikuwa utani, kulikuwa na uso unaocheka, lakini uso huo hausomwi kwa sauti mbele ya mkutano. "Wewe unaona ameiba?" akauliza.

"Sijui. Hiyo hesabu si ni yako?"

Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya haki. Jina la mtu lilikuwa limechafuliwa kwa sentensi yake moja aliyoiandika akijipongeza. Akamwomba mwalimu amtumie rekodi zote za simu ya kikundi, na Jumamosi asubuhi akaketi nazo mezani, uji ukipoa pembeni.

Magunia yalikuwa tisa. Sita yalikuwa yamepungua. Matatu, hata kidogo: arobaini ziliingia, arobaini zikatoka kasoro chembe. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipoamka. Mwizi gani huyu anayechagua magunia? Akatazama siku: hapana, yaliyopungua na yaliyotimia yaliuzwa wiki hizo hizo. Akafikiria mvua, maana omena zikinyonya unyevu hufura na zikikauka husinyaa, akapiga simu Dunga kuulizia mvua, hapana. Akatazama ni nani aliyejaza. Hapana. Mchana ulimkuta hapo hapo, na uji ulikuwa umefanya utando.

Kisha akafanya jambo ambalo angelifanya kwanza kama asingekuwa na kiburi. Aliacha kutazama jumla, akatazama mauzo yenyewe, moja baada ya lingine. Yale magunia matatu yaliyotimia yalikuwa yameuzwa kwa watu wachache mno: hoteli moja ya mjini ilichukua ishirini, mfanyabiashara wa Kisii akachukua arobaini zote. Yale yaliyopungua yaliuzwa nusu nusu, moja moja, mbili mbili. Gunia lililouzwa kwa wateja arobaini lilipungua gorogoro nne. Lililouzwa kwa wateja thelathini lilipungua tatu. La wateja ishirini, mbili. Alichora nukta hizo kwenye karatasi, akaweka rula, na rula ikazigusa karibu zote.

Alisimama, akaketi, akasimama tena. Sheria ya mafungu ilikuwa inavunjwa Dunga, tena kwa nidhamu. Huko, ishirini za mkupuo mmoja hazikuwa sawa na moja moja mara ishirini. Kila mteja mmoja aliondoka na sehemu ya kumi ya gorogoro ambayo simu haikuiona. Ni nini hicho? Ukitaka kumcheka, mcheke. Msichana aliyezaliwa na kulelewa Kisumu alilala na swali hilo siku tatu.

Jumanne asubuhi akaenda Dunga. Ghala lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya neti za kuanikia, na ndani yake harufu ya omena ilikuwa nzito kiasi cha kushikika. Perez alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwanamke mpana, mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, simu ya kikundi mapajani. Beldina hakujitambulisha.

"Nipimie gorogoro moja, Mama."

Perez akachota, akajaza, akamimina kwenye mfuko. Akabonyeza simu: moja. Kabla hajaufunga mfuko, mkono wake ukarudi guniani peke yake, ukaibuka na omena za kujaa kiganja, ukazidondosha juu ya zile nyingine.

Beldina akachukua mfuko, akatoka, akafika kwenye neti, akageuka.

"Nimesahau. Nipe ingine moja."

"Si ungesema mara moja tu, nyathina, mtoto wangu," alisema Perez, ila mkono ulikwenda tena, kiganja kingine.

"Sasa nipe mbili pamoja."

Perez alimtazama juu ya miwani. Akapima mbili, akabonyeza mbili. Kiganja kilikuwa kimoja.

"Mama, hiyo ya mkono ni ya nini?"

"Gani?"

"Hiyo umeongeza juu."

Perez alitazama mfuko kana kwamba ndiyo kwanza auone. "Si ni nyongeza. Mtu akikuja kununua kwako, utamwacha aende hivyo hivyo?"

"Na mbona hujaibonyeza kwa simu?"

"Nyongeza inabonyezwa?" Perez alicheka, kisha hakucheka. Akaanza kupangusa mkebe kwa leso yake ingawa ulikuwa safi. "Wewe unataka kununua ama unataka kuuliza? Kuna watu nyuma yako."

Beldina alipanda tuktuk na gorogoro nne za omena ambazo hakujua atazila na nani. Njia nzima alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Maisha yake yote alikuwa akisimama mbele ya kibanda na kusema "medna", niongezee, na kupokea, bila hata mara moja kufikiri kwamba ile iliyoongezwa ilitoka mahali. Nyongeza si ya kipimo. Ni ya kukutana: mtu mmoja amekuja, mtu mmoja ameongezewa, achukue moja au achukue kumi. Hakuna mfano hata mmoja kati ya ile elfu ya kompyuta uliokuwa na mtu ndani yake.

Siku iliyofuata aliandika kwenye kundi, palepale alipokuwa amejigamba: Pima inajua kujumlisha omena lakini haijui kuuza, sheria ya mafungu haifai kaunta, na lile jibu lake kwa mwalimu lilikuwa la kijinga, anaomba radhi. Majibu yalimiminika. Wengine walitaka kipimo kipya kiitwacho kiganja. Kiganja cha nani, aliwauliza, maana alikuwa amepima chake nyumbani mara tano na kila mara kilikuwa na ukubwa wake. Wakabishana kwa raha zao hadi jioni. Kwao lilikuwa swali tamu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Alhamisi, saa kumi na nusu, akina mama ishirini na wawili walikaa kwenye mabenchi chini ya banda la neti. Wepukhulu alikuja moja kwa moja kutoka shuleni, chaki bado kwenye mkono wa shati. Maximilla alikaa mwisho wa benchi la mwisho, mwembamba, mkoba mapajani, na pembeni yake palibaki nafasi ya watu wawili ambayo hakuna aliyeikalia.

Beldina hakufungua kompyuta. Aliomba mkebe wa ghala, akaujaza omena mpaka juu, akawaita wanawake kumi wapange mstari. "Mama Maximilla," alisema, "wape hawa nyongeza, kila mtu yake, kama kawaida yako."

Maximilla alisita, kisha akainuka. Akatia mkono mkebeni, akampa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Alipompa wa kumi, mkono wake ulikwaruza chini ya mkebe, na sauti ya kucha kwenye bati ikasikika mpaka nyuma.

"Watu kumi, gorogoro moja," Beldina akasema. "Watu arobaini, gorogoro nne. Hizo ndizo zilipotea. Hakuna mtu aliiba. Mimi niliandika ati maktaba yangu haina kosa, na sikuuliza omena zinauzwa aje. Kosa ni yangu. Nisamehe, Mama."

Kicheko kikaanzia mbele kikaenea, kile cha watu waliotuliwa mzigo. Mmoja akapiga makofi. Perez akainuka, akatoa ufunguo kutoka kwenye fundo la leso, akamnyooshea Maximilla.

Maximilla hakuupokea.

"Nauliza tu," alisema, na kwa kuwa alisema polepole kicheko kikazimika chenyewe. "Nyinyi wote mimi nimewapimia. Wewe nimekupa. Wewe nimekupa, na mtoto wako nikampa. Miaka tisa, kwa mkono hii. Siku mwalimu alisoma hiyo barua, hakuna mtu alikumbuka?"

Beldina alitazama usoni mwa mmoja mmoja akitafuta jibu, kwa sababu na yeye kweli alitaka kujua.

"Mimi nilikumbuka," alisema Perez.

"Lini?"

"Jumamosi. Gunia ya kwanza nimeuza mwenyewe iliisha na thelathini na sita." Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake, umenyooshwa. "Nilihesabu tena. Nikajua ni nini."

Jumamosi. Beldina alipiga hesabu bila kutaka: siku tano.

"Na ukanyamaza," Maximilla akasema.

"Ningesema nini? Simu ilikuwa imeshasema."

Maximilla akauchukua ufunguo, akautia kwenye mkoba, akafunga zipu. Akaenda mezani, akaiokota simu ya kikundi, akaipita mikono ya Wepukhulu iliyokuwa imekwisha kunyooka, akamwekea Beldina kiganjani.

"Kaa na hii, mtoto wangu. Siku utakuja kuniuliza mimi kwanza, utairudisha."

"Naweza kukuuliza leo?" Beldina akasema.

"Leo nimechoka," Maximilla akamjibu. "Kuja kesho."