Mstari Ulioshuka

Bibi alikuwa akicheka peke yake kando ya kitanda. "Umeshuka, Fundi Plastiki! Njoo uone mwenyewe."

Fundi Plastiki ndilo jina alilombandika binti yake tangu aajiriwe maabara kupika wino wa plastiki unaopitisha elektroni, vile vichembe vya umeme. Ukanda uliopakwa wino huo ulikuwa umebandikwa mkononi mwa mtoto wa kaka yake, mtoto aliyepasuliwa tumbo asubuhi. Kazi yake kuonja maji ya mwili. Damu isipofika mahali, asidi huzidi, wino hupokea elektroni nyingi zaidi kutoka kwayo, na mstari kwenye skrini hupanda. Daktari alishawaambia: ukishuka, shukuruni.

Haya, umeshuka. Mbona shangazi mtu hakucheka?

Akamshika mtoto mguu. Baridi. Midomo imepauka.

"Baba, unanisikia?"

"Shangazi... usingizi."

"Mwache alale, anapona huyo," bibi akasema. "Na wewe kaa chini, unanizungusha kichwa."

Hakukaa. Aliinamia ule ukanda. Karatasi ya nailoni iliyoufunika ilikuwa imebanduliwa pembeni, ikakunjwa vizuri kama pindo la gauni.

"Mama, nani kafungua hapa?"

"Si mimi? Mtoto analia anawashwa. Nikasema ngozi nayo ipate hewa kidogo."

Kule maabara wino ule hushikwa ndani ya kisanduku cha kioo kisichoingia hewa, kwa kuwa oksijeni ni mwizi: ikiukuta tu, inapora elektroni zake. Mstari haukushuka kwa kupungua asidi. Uliibiwa.

"Daktari!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Usiuamini huo mstari! Mtoeni damu, mpime!"

Daktari akaja, akatazama skrini, akamtazama yeye. "Si wewe uliyeutengeneza?"

"Ndiyo maana nakwambia!"

Damu ikachukuliwa. Majibu yalipokuja, daktari aliona asidi imepanda sana. Alifungua breki za kitanda kwa mguu, akakisukuma mbiombio kurudi chumba cha upasuaji, muuguzi akikimbia kando na chupa ya dripu ameiinua juu. Kipande cha utumbo kimejinyonga, damu haipiti, aliwaambia akikimbia.

Bibi alibaki na shuka mkononi. "Nimemuua mtoto wa watu?"

"Hujamuua, mama. Wamemuwahi."

Hakuwa na hakika. Alimkumbatia mama yake, na wote wawili wakaukodolea macho mlango uliofungwa.