Dakika Kumi na Tano

Mwalimu Mwiti wa Kibirichia hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa kujua kila kitu, na ukishajua kila kitu huna haja ya kuuliza. Mama yake alipofariki, ndugu na majirani walikusanyika kwake kupanga mazishi. Dada yake Kiende, mpishi wa hoteli kule Shelisheli, akapiga simu akilia. Aliomba jambo moja tu: wazike Jumamosi, ili afike amvalishe mama mwenyewe na kumfunga kile kitambaa cha kichwa alichokuwa amemshonea.

"Alhamisi inatosha," Mwiti akasema. Alikuwa ameshaangalia kwenye simu. Kutoka uwanja wa ndege wa Praslin, kisiwa alikofanya kazi Kiende, hadi ule wa kisiwa kikubwa cha Mahé, ni kilomita arobaini na kitu, dakika kumi na tano. "Ni kama hapa na Nkubu. Akifika Mahé anapanda ndege ya Nairobi. Kwani anakuja kwa miguu?"

Watu wakacheka, maana hata matangani watu hucheka. Shangazi Kaari pekee ndiye aliyeuliza kama huko hakunyeshi.

"Shangazi, hii ni hesabu," Mwiti akamjibu.

Kwenye simu, Kiende akasema sawa.

Jumatano upepo ukachafuka baharini. Ndege ndogo hazikuruka, boti nazo zikazuiwa. Hayo hayakuwa kwenye hesabu ya mwalimu. Wala hakuwa amefikiria kwamba ndege ya Nairobi haiondoki kila siku.

Alhamisi asubuhi, wakiwa nje ya mochari, simu ikalia.

"Bado niko uwanjani Praslin," Kiende akasema. "Mahé naiona kwa macho yangu. Mwiti, tafadhali, ningojeeni."

Mwiti akatazama magari yaliyopangwa mstari. Akafikiria hema, kaburi lililochimbwa tayari, na pasta mwenye mazishi mengine saa tisa. Angeweza kuwaambia watu warudi nyumbani. Angeona haya siku mbili, basi, yakaisha.

"Sasa haiwezekani," akasema, akakata simu. Shangazi Kaari akaingia ndani kumvalisha marehemu.

Kiende alifika Jumamosi saa nne asubuhi, siku ileile aliyoiomba. Akapita kando ya shamba la viazi hadi kaburini, maua yakiwa yameanza kunyauka. Hakumlaumu mtu. Alikaa chini kwenye udongo, kitambaa cha manjano mapajani, pini zake bado zimechomekwa.

"Mlimfunga nini kichwani?" akamuuliza kaka yake.

Watu walipopanga foleni kumwona mama mara ya mwisho, Mwiti alikuwa akihangaika na ratiba. Kilomita alizikumbuka, dakika alizikumbuka.

"Muulize shangazi," akasema.