Nailoni na Mvua ya Nusu Uwanja

Jina la Nailoni hakupewa bure. Ukiingia sebuleni kwake unakuta makochi bado yamo ndani ya plastiki ya dukani, huu mwaka wa saba, na mgeni akikaa anateleza kama sabuni bafuni. Rimoti ya televisheni imevalishwa mfuko. Simu ina makava matatu. Wapo wanaoapa kwamba hata mwavuli wake huufunika mvua ikianza, usije ukalowa. Hilo la mwavuli mkewe amelikana mara mbili, lakini mara ya tatu aliangua kicheko, kwa hiyo tuliache hapo hapo.

Kazi yake ni picha. Ana studio ya chumba kimoja, pazia la bluu nyuma, kigoda mbele, na kamera moja tu. Kamera hiyo ndiyo mkono wake na mdomo wake. Siku ikifa, studio inabaki kuwa chumba chenye pazia.

Sasa, huyu bwana ana dada yake mkubwa, na dada huyo alikuwa refa wa mpira. Alichezesha miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna gazeti lililowahi kutoa picha ya uso wake. Wapiga picha hufuata wachezaji. Refa huingia kwa bahati mbaya. Palikuwa na mgongo wake, palikuwa na mkono wake umeshika kadi ya njano, na ipo moja maarufu ambapo linaonekana sikio.

"Siku nikiondoka duniani," alikuwa akisema, "mtatundika kisogo ukutani. Watoto watauliza, bibi alikuwa na sura gani, mtawaambia, sura hatujui, ila shingo yake ilikuwa imara."

Watu walikuwa wakicheka. Nailoni naye alicheka, mpaka siku magoti ya dada yalipogoma kabisa na daktari akamwambia ibaki mechi moja, basi. Hapo kicheko kikaisha. Ndugu mpiga picha wa refa asiye na picha, hiyo ni aibu ambayo hakuna plastiki ya kuifunika.

Asubuhi ya mechi dada alipita studio akiwa na filimbi shingoni, akamkuta ameinama mezani kama daktari wa upasuaji. Kamera ilikuwa imelala juu ya taulo.

"Leo nakupiga uso, Dada," alisema bila kuinua kichwa. "Dakika tisini zote ni zako."

"Uso mzima?"

"Mzima, na masikio yote mawili."

"Na hiyo mifuko ya nini?"

"Redio imesema mvua."

Dada akatazama. Mpiga picha wa kawaida, akiogopa mvua, huchukua mfuko mmoja, hutoboa tundu mbele kwa ajili ya lenzi, hufunga utepe wa mpira kwenye shingo ya lenzi, na chini huacha wazi mikono iingie na hewa itoke. Nailoni yeye aliona tundu ni mlango, na mlango ni wa kufungwa. Aliipangusa kamera kwa kitambaa cha majimaji, na hapo hapo, kabla haijakauka, akaitumbukiza kwenye mfuko mwangavu usio na tundu hata la sindano. Akaweka mfuko wa pili. Akafunga mafundo manane, na juu ya mafundo akazungusha selotepu.

"Bado soksi," alisema dada.

"Cheka tu. Maji hayaingii humu."

"Sijasema yataingia, mdogo wangu. Nauliza kama na picha zitaingia."

Dada akaenda zake, na Nailoni akavaa koti la mvua juu ya koti la mvua, akaikumbatia kamera ndani kama mama na kichanga, akatembea nayo kwenye joto mpaka uwanjani.

Kipindi cha kwanza hakupata kitu. Dada alikuwa anakimbia huku amempa mgongo, au beki mrefu anakatiza mbele. Kipindi cha pili akahamia karibu na kibendera cha kona, upande wa goli la mbali, akachuchumaa kando ya mshika kibendera, mtu mmoja mnene aliyefanya kazi na dada tangu enzi za viatu vya kuazima.

"Umeshapata?" aliuliza mshika kibendera.

"Visogo vitano."

"Basi umefikia kiwango cha magazeti."

Ilipofika dakika ya sabini na moja, nyuma ya goli lao giza likaingia. Wingu lilikuwa limeinama chini kiasi kwamba, kwa maelezo ya kipa, angeruka kidogo angelidaka. Mvua ikaingia uwanjani kama timu iliyochelewa. Ilimlowesha kipa, ikameza kisanduku cha penati, ikampiga Nailoni na mshika kibendera wake, ikasonga mbele kwa vishindo mpaka kwenye mstari wa katikati. Pale ikasimama.

Haikupungua wala haikukata. Ilisimama, kama mgeni aliyefika kizingitini akasubiri kukaribishwa. Upande huu maji yalimwagika kwa kelele za mabati elfu. Upande ule jua lilikuwa linawaka na vumbi linaruka. Kati yao palikuwa na ukuta wa maji, umenyooka kushinda hata chokaa ya uwanja, ambayo tunajua nani aliichora na alikuwa katika hali gani.

Winga mmoja alikuwa ameshapiga krosi. Mpira ukaondoka mkavu na vumbi lake, ukapita ukutani, ukatokea upande wa pili unang'aa na kumwaga matone. Hakuna aliyeukimbilia. Wachezaji walisimama wenyewe bila filimbi. Kipa wa kule alikuwa anajikinga jua kwa glavu, kipa wa huku anakamua za kwake. Kwenye jukwaa la watu mia nane, mtu mmoja aliyekuwa katikati ya kutukana akaliacha tusi nusu.

Mshika kibendera alitembea pembeni mwa uwanja mpaka kwenye ukuta, akapenyeza bendera yake, akaivuta. Nusu yake ilikuwa imekauka.

"Nimezeeka kwenye kazi hii," alisema polepole, kama anayezungumza ndani ya nyumba ya ibada.

Kisha dada akaja. Alitoka upande wa jua, taratibu, magoti yakimwuma, mpaka akafika kwenye mstari. Kanuni za mpira anazijua kwa moyo, na hakuna kanuni inayosema la kufanya. Akainua mkono mmoja akauingiza ndani ya mvua, akautazama ukilowa. Akaingiza wa pili. Halafu akafanya jambo ambalo refa hafanyi: akasogea nusu hatua, akauweka uso wake wote ndani ya maji, mgongo ukabaki juani.

Nailoni akainua kamera. Akaona weupe tu, kama kioo kimemwagiwa maziwa.

Akapangusa kwa nje. Maziwa matupu. Ndipo akaelewa. Maji hayakuwa yameingia, bali yalikuwemo. Unyevu wa kitambaa cha asubuhi na joto la makoti mawili vilikuwa vimefungiwa pamoja mle ndani, na mvua ya baridi ilipogusa plastiki, ndani yote ikatoa jasho. Lenzi ilikuwa na ukungu, mifuko ilikuwa na ukungu. Alikuwa ameilinda kamera na kila kitu, pamoja na picha.

Njia ya salama ilikuwepo. Akimbie pembeni mpaka upande wa jua, afungue mafundo pakavu, apige kwa nafasi. Lakini kutoka kule angepata mgongo. Uso ulikuwa huku, na huku kulikuwa na mafuriko.

Alitazama kamera. Alimtazama dada yake, aliyefumba macho, na mwanga wa jua ukitokea nyuma yake ukigeuza kila tone kuwa cheche. Akaingiza meno kwenye selotepu.

Mafundo manane hayafunguki kwa vidole vilivyolowa. Aliyararua kama fisi. Mfuko wa kwanza ukaenda na upepo, wa pili akautema. Akakimbilia ndani ya uwanja, kosa ambalo dada yake ameshawatolea watu wazima nje, akapiga goti kwenye tope hatua kumi mbele yake. Akavuta fulana yake ya ndani, kitu pekee kikavu alichobaki nacho, akapangusa kioo. Mvua ikaipiga kamera uchi mgongoni. Akapiga. Akapiga tena. Ya tatu kiwambo cha kamera kikapepesa, kikazimika mikononi mwake kama kibatari.

Hakusimama. Alibaki amepiga goti na ile kamera nyeusi, akimtazama dada kwa macho yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile akakumbuka kushangaa. Aliisikia mvua ilivyokuwa na mwisho, pale mbele yake, ambapo ungeweza kuuwekea kidole.

Mambo hayo yalidumu dakika nne. Wanaosema saa nzima wanatia chumvi. Kisha ukuta ukasonga, ukawalowesha wote, na dada akafumbua macho akamwona ndugu yake kwenye tope.

"Wewe bwana," alisema, "unafanya nini uwanjani kwangu?"

Jioni walikuwa studio. Kamera ilikuwa imelala juu ya taulo chini ya feni, betri imetolewa, milango yake yote midogo wazi, na ndani ya kioo chake tone moja lilikuwa linatembea. Nailoni aliipangusa kadi ya picha kwa kitambaa cha kufunikia kigoda, akaichomeka kwenye kompyuta, akakaa. Mashine ikawaza.

Picha ya kwanza ya mvuani ilikuwa tope. Ya pili ilifunguka kutoka juu kwenda chini: nywele, paji la uso, macho yaliyofumbwa, mashavu yenye maji, masikio mawili. Kila tone mbele ya uso lilikuwa limesimama hewani, limewaka, na nyuma ya mabega yake uwanja ulikuwa mkavu kama biskuti.

Dada, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakukosa neno kwa mchezaji, kocha wala mwenyekiti, alisogeza kiti tu. Alinyoosha kidole karibu na kioo, bila kugusa, akafuata mstari wa taya yake.

"Nimefanana na Mama," alisema.

"Siku zote."

"Hamkuniambia."

"Hukuwahi kusimama tukuone."

Nailoni alisogeza mkono ili afungue ya tatu, na dada akamshika kifundo cha mkono.

"Iache hiyo kwanza," alisema.

Wakakaa, maji yakiwadondoka sakafuni, wanamtazama mtu yule ndani ya mvua. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kamera, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuiangalia.