Mfuko Mwekundu wa Fundi Bomba

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na moja Aprili. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na saa mbili asubuhi yalikuwa bado yapo, kama mgeni asiyetaka kuaga.

Fundi bomba alirudi kutoka dukani na mkate kwapani. Alipoingia sebuleni, alisimama ghafla mlangoni. Mama mkwe wake, aliyekuja wiki iliyopita kuuguza mgongo, alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi. Juu ya mgongo wake ulikaa mfuko mwekundu wa mpira, umejaa maji ya moto.

Mfuko wake.

"Sinki linavuja," mkewe alisema kutoka jikoni. "Nimefungua sanduku lako kutafuta spana. Kumbe una mfuko wa maji moto umeuficha, na mama anateseka hapa!"

Mfuko ule haukuwa wa mgongo. Miaka sita iliyopita alifunga choo baada ya upasuaji, na muuguzi akampa enema, yaani maji ya uvuguvugu yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Choo kilifunguka, lakini kilichobaki kichwani mwake ni ule utulivu uliofuata, joto likienea tumboni na mawazo yakinyamaza. Akaanza kujipa mwenyewe, mara moja kwa mwezi, kisha kwa wiki, na sasa karibu kila siku mkewe akiwa kazini. Hakuwa anaumwa. Alipenda tu.

Na kama fundi yeyote, alichagua vifaa. Vichupa vya plastiki alividharau, maana vinasukuma maji kwa pupa. Kipira cha kubana kwa mkono kilimchosha kiganja. Mfuko wa mpira ndio ulikuwa wake, ukining'inia kwenye msumari usawa wa bega. Kibanio cha plastiki alikitupa, akafunga koki ndogo ya shaba mdomoni mwa mfuko ili maji yashuke taratibu. Kila jioni alimwomba Mungu amwondolee aibu. Hakuwahi kuomba ujasiri wa kusema.

Mama mkwe aliinua kichwa. "Mkwe wangu, joto lake zuri. Ila niambie, mfuko wa maji moto unataka koki ya nini?" Akavuta mpira mrefu kutoka chini ya mto. "Huu ulikuwa umeviringishwa pamoja nao. Nimeosha vifaa vya wodini miaka ishirini na mbili. Enema naijua."

Mkewe alitoka jikoni, mikono inadondosha maji. "Enema? Kwa hiyo ni kweli! Juzi ulianguka kazini, ukasingizia jua. Unakonda. Baba yako alikufa kwa tumbo. Nimefunga siku tatu nakuombea, na wewe unanificha. Ni saratani?"

Uongo ulikuwa karibu, mwepesi. Angesema tumbo linamsumbua, wangemhurumia. Lakini mwanamke huyu alikuwa na njaa ya siku tatu kwa ugonjwa usiokuwepo.

"Siumwi," alisema. "Napenda. Hunituliza. Ndiyo hivyo."

Sinki lilidondosha tone, likadondosha lingine.

"Unapenda," mkewe alisema, akakaa chini polepole. "Miaka sita."

"Na mimi nimeuweka mgongoni!" mama mkwe alisema.

"Huwa nauosha, mama. Kwa sabuni, kila mara."

"Afadhali. Maana siutoi, mgongo umeanza kulegea."

Mkewe alicheka kidogo bila kupenda, kisha akalia. Mama mkwe akaketi, akashikilia mfuko kwa mkono mmoja.

"Kupenda hakujamuua mtu," alisema. "Kila siku ndiyo itakayokuua. Maji hayo yakitoka hutoka na chumvi ya mwili, ndiyo maana unaona kizunguzungu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Si maradhi, mama."

"Umewahi kuacha siku mbili?"

Fundi alitazama mkate aliokuwa bado ameubana kwapani.

"Sijaweza," alisema.

"Basi sema utafanya nini," mkewe alisema, akifuta macho. "Mama yupo, asikie."

Fundi akampa mkewe mkate. Hakuangalia sakafu.

"Kula kwanza, mke wangu, ufungue. Nami naahidi mbele ya Mungu, mbele yako na mbele ya mama: Jumatatu nakwenda kwa daktari, twende wote, na nitamwambia haya haya bila kupunguza neno. Mpaka aseme, mfuko huo hautoki mgongoni mwa mama."